Mguu wa Mama na Kuku wa Fundi

Kila mwaka, masika yakishapungua, naingia darasa la kidato cha tatu na mfupa wa paja la ng'ombe ndani ya kikapu. Niliuomba buchani zamani, nikauchemsha, nikauanika juu ya bati mpaka ukawa mweupe na ukaacha kunuka. Kitabu ni cha Kiingereza lakini mimi huanza kwa Kiswahili, maana nimechoka kuwaona watoto wakinakili wasichokielewa. Nawaambia mfupa si jiwe. Mfupa una damu, unakula, unabomolewa na kujengwa upya kila siku na mwenyewe huna habari. Mtoto tumboni hana mfupa mwanzoni. Ana gegedu, kitu laini kama cha sikio, hebu shikeni masikio yenu. Darasa zima hushika masikio na kucheka, nami nasubiri wamalize.

Kisha nawapa mfano wangu wa nyumba ya udongo, kwa sababu wengi wao wamezaliwa humo. Kwanza husimamishwa miti na kufungwa fito. Halafu hukandikwa udongo. Halafu watu hungoja. Ukuta mbichi hauegemewi, hata ukionekana umesimama wima na mzuri, mpaka udongo ukauke ndipo upakwe chokaa. Mfupa uliovunjika hujiunga hivyo hivyo: kwanza damu iliyoganda, halafu gegedu linalozunguka pale palipovunjika, halafu chokaa inaingia pole pole mpaka pawe pagumu. Ukiegemea mapema, umebomoa. Huwa nalirudia neno hilo mara mbili na kuliandika ubaoni.

Nimeyasema hayo kwa miaka ishirini na tatu. Mganga hajigangi, wanasema watu. Mwalimu naye hajifundishi.

Mama yangu alivunjika muundi wa mguu wa kulia msimu wa karafuu wa mwaka juzi. Nyumba yetu iko Wawi, kando ya njia, na tumebaki wawili: baba alishatangulia mbele ya haki, kaka zangu wamehamia Unguja, na mume niliyekuwa naye aliondoka siku nyingi na sina ugomvi naye. Siku hiyo karafuu zilikuwa zimeanikwa uani juu ya majamvi. Mawingu yakaja ghafla, na mama, mwenye miaka sabini na kitu, badala ya kumwita jirani akaanza kukunja majamvi peke yake. Karafuu zikirowa zimeharibika, hilo Mpemba analijua kabla hajajua kusoma. Aliteleza penye kizingiti cha mlango wa nyuma. Jirani alisikia mlio kutoka jikoni kwake, anasema kama mtu aliyevunja mti wa muhogo. Nilipofika kutoka skuli nilimkuta amekaa sakafuni, mguu umepinda mahali pasipo kiungo, ananiuliza kama karafuu zote zimeingizwa ndani.

Hospitali walimpiga picha, wakamfunga plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti, wakatwambia si chini ya miezi mitatu na kwa umri wake huenda ikazidi. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za kwao. Maumivu mama aliyavumilia vizuri. Kilichomshinda ni udhu. Unyayo wake ulikuwa ndani ya plasta na maji hayafiki. Shehe wa msikitini kwetu alikuja kumkagua, akamweleza kwa upole kwamba mtu aliyefungwa kidonda hupangusa kwa juu tu na sala yake ni sahihi, dini haikuletwa kumtesa mtu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Naam, Shehe." Shehe alipotoka akanigeukia mimi.

"Mie miaka yote hino sijasali na unyayo mkavu," akasema, "na sasa sintoanza."

Tukabishana siku kumi. Kila adhana ilileta ubishi wake, na adhana ni tano. Yeye alikuwa amesikia habari za fundi wa viungo kutoka Micheweni ambaye hufunga mguu kwa mabanzi, vipande vya mwanzi vilivyochongwa, na kuacha unyayo wazi. Ningeweza kukataa. Mimi ndiye mwenye elimu ya mifupa ndani ya nyumba ile. Lakini mtu aliyechoka hukubali jambo ili apate kukaa chini, na mimi nilikuwa nataka sana kukaa chini. Tulirudi hospitali tukaomba plasta ikatwe. Waliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema ninayo, nikatia saini.

Fundi alikuja na Vespa, mtu wa makamo, mnene kidogo, simu yake haikomi kulia. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau na hakunipa nafasi. Alipitisha kidole gumba juu ya muundi wa mama, macho ameyafumba, akasema mfupa umekatika hapa na umekwenda hivi, na ndivyo picha ilivyoonyesha, na picha mimi sikumpa. Akaupaka mafuta, akaupanga mabanzi, akaufunga kwa vipande vya kanga kuukuu. Unyayo ukabaki wazi. Mama alitazama vidole vyake kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea.

Kisha Fundi akaomba kuku tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga. Desturi hiyo kwetu haishangazi mtu: kuku huvunjwa mguu kama mgonjwa, na akipona kuku, watu husema mguu wa mgonjwa nao umepona. Jirani akatoa wake, mwekundu. Fundi akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akamshika kuku mguu wa kulia, na kabla sijageuza uso nikasikia kitu kidogo kikilia kwa ukali. Akamfunga vijibanzi viwili vya urefu wa kidole, kwa kitambaa cha kanga ile ile.

"Huyu anataka mtu mmoja wa kumtunza," akasema. "Siku atakayokanyaga bila kuchechemea, msifungue kitu. Niiteni mie."

Akamtazama mama. Mama akanitazama mimi.

Basi nikawa na wagonjwa wawili. Niliamka kabla ya alfajiri, nikapasha maji, nikaenda kumwinua mama. Alikuwa mwembamba lakini mtu asiyeweza kujisaidia ana uzito wake mwenyewe. Nilipitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamvuta, na kila nikimvuta nilisema, "Ya Rabi." Haikuwa dua. Wachukuzi wa bandarini Mkoani huguna gunia likiwakaa begani, na yangu ilikuwa hiyo hiyo, pumzi yenye maneno ndani yake. Nikampeleka chooni, nikamsafisha, nikamtilia maji ya udhu, nikamkalisha kwenye kiti apate kusali, nikampa uji. Halafu kuku: chenga za mchele, maji, na gazeti jipya chini ya tenga lake. Halafu skuli, nisimame mbele ya watoto tangu saa moja unusu. Nikirudi, kupika, kufua shuka, kumwinua mama kwa adhuhuri iliyochelewa na alasiri iliyofika, na wageni.

Wageni walitaka kuniua. Mgonjwa kwetu hukaguliwa, na mwanamke aliyekuja kumkagua mgonjwa hakai dakika tano. Hunywa chai. Husimulia kila mguu uliopata kuvunjika kisiwani tangu yeye ajue dunia. Mmoja wao alikuja na hadithi ya bwana wa Mkoani ambaye kuku wake wa mguu aliliwa na ngawa, na bwana yule hakutembea tena mpaka akazikwa. "Kuku akifa, na mguu umekufa," akasema, akaomba sukari zaidi. Nilimwona mama akitupa jicho kwenye tenga. Tangu siku ile aliniuliza habari za kuku kabla hajaniuliza habari zangu.

Sikumlaumu. Alichokuwa anakitaka kilikuwa kidogo sana: asali kwa kusimama, na aende chooni bila ya kushikwa na mtu. Mara moja nilipokuwa namvua nguo alifunika uso kwa mtandio wake mwenyewe. "Mtu kuonwa utupu na mwanawe," akasema, "ni bora maumivu." Nilimwambia asiseme hivyo, nikamvua, nikamwosha. Aibu yake ilinichosha kuliko mwili wake.

Siku ya kumi na mbili ya kuku nilifanya kosa. Asubuhi kulikuwa na joto la baada ya mvua, tenga linanuka, nikalitoa nje ubavuni mwa nyumba, chini ya kivuli cha mshokishoki, ili nipate kufagia pale lilipokuwa. Nilikusudia kulirudisha. Kisha mama akaniita, kisha nikaona saa, nikavaa buibui langu nikaondoka mbio. Kivuli cha asubuhi si kivuli cha mchana. Niliporudi saa nane, jua lilikuwa limekaa juu ya tenga sijui kwa muda gani, na kopo la maji lilikuwa limebaki jikoni. Kuku alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, mguu wake uliofungwa umenyooka mbele kwa adabu.

Nikakaa chini pale pale na buibui langu. Nililia kimya kimya, mama asisikie. Sikuwa namlilia kuku. Nililia kwa sababu nilikuwa nimepewa kiumbe mdogo kiasi kile, nimlishe na nimpe maji tu, na sikuweza.

Ningekwenda ndani nikamwambia, Mama, kuku amekufa kwa joto, kosa langu, mguu wako haujui habari zake. Mimi ni mwalimu wa elimu ya viumbe. Lakini akilini nilimwona yule mwanamke na sukari yake, na nilijua kwamba nikitamka neno lile, mama atalala akauelekea ukuta na hatageuka tena. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hilo nalo ninalijua. Nikamfungua marehemu vitambaa na vijibanzi, nikamzika penye migomba. Nikateremka njia mpaka kwa bibi mmoja anayefuga, nikapata tembe mwekundu, umbo lile lile, au niliona hivyo kwa macho yaliyovimba. Kabla ya alasiri nilikuwa jikoni, nimefunga mlango, nimeketi juu ya kibao cha mbuzi kama Fundi, nimemshika kuku mpya mguu wa kulia.

Mfupa wa kuku ni mwembamba kama kalamu ninayosahihishia madaftari. Nilihesabu mpaka tatu. Nikahesabu tena. Kuku alikuwa ametulia mikononi mwangu, joto lake linaniingia, na mshipa wa mguu unapiga kidogo kidogo chini ya kidole changu. Sikuweza. Nikamfunga mguu wake mzima kwa vijibanzi vya mwenzake, nikafunga na kile kitambaa cha kanga, nikamtia ndani ya tenga.

Baada ya hapo nilijitafutia hoja, na mtu aliyesoma hakosi hoja. Nikasema mfupa wa mama una kalenda yake na haumtazami kuku. Nikasema nitamweka huyu ndani ya tenga mpaka mwezi wa tatu utimie, ndipo nitamwachia, na mama atasimama juu ya mfupa uliokauka, na kila mtu atamsifu Fundi. Kwa kweli niliona nimefanya jambo la akili. Kila jioni nililiweka tenga karibu na kitanda kama kawaida, mama akamtazama kuku, nami nikatazama pembeni.

Wiki tano tangu mabanzi yafungwe, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nafagia ua. Nilikuwa nimebadilisha gazeti la tenga na sikulifunika vizuri. Kuku mwenye mguu mzima hakubali kufungwa maisha. Alikuwa amekidonoa kile kitambaa siku nyingi, na siku hiyo kilimwachia. Akatoka. Akakatiza ua wote, akapanda kizingiti kile kile kilichomwangusha mama, akaingia chumbani akidonoa punje za wali sakafuni, anatembea kama bibi harusi. Jirani alikuwa amekaa na mama. Akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia barabarani.

"Kuku yuwenda! Bi mkubwa, kuku yuwenda!"

Nilifika mlangoni na ufagio mkononi. Mama alimtazama kuku, akamtazama sana, tangu kichwa mpaka kucha. Kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, si huyu, na maneno mawili hayachoshi mtu. Lakini jirani alikuwa analia kwa furaha, na wanawake wengine wawili walishaingia kwa kile kigelegele, na mimi mwalimu, mwenye heshima zangu, nianze kueleza habari ya kaburi penye migomba. Nikasema, "Tumwite Fundi kwanza." Jirani akapiga simu. Fundi hakupatikana.

"Fundi atan'kuta nimesimama," mama akasema. Akainama akaanza kufungua vitambaa mwenyewe. "Haya, n'shikeni."

Nikasema, "Mama, ngoja." Nilisema mara moja, kwa sauti ya mtu anayetaka asisikiwe. Kisha nikaweka ufagio, nikapitisha mkono chini ya kwapa lake, jirani akashika upande wa pili, na nikimvuta nikasema, "Ya Rabi," kama siku zote.

Alisimama. Sitaki kudanganya, alisimama kweli, mgongo umenyooka, akawa mrefu kuliko nilivyomkumbuka. Akasukuma mkono wa jirani. Akasukuma wangu. Akapiga hatua kwa mguu wa kushoto, halafu kwa wa kulia akauachia uzito wake. Safari hii haukulia. Mguu ulipinda pole pole chini ya goti, na mama akashuka nao, bila kupiga ukelele, mpaka sakafuni. Ukuta mbichi huanguka hivyo. Nimewahi kuuona, na nimewafundisha watu.

Hospitali, aliyepiga picha alikuwa kijana mwenye koti jeupe aliyewahi kukaa benchi la mbele darasani kwangu. Hakunisahau. Aliniita "Mwalimu" mbele ya watu wote, akanivuta kunionyesha kwenye kioo, kwa furaha ya mtu anayetaka kuonyesha kuwa alisikiliza. Muundi wa mama ulikuwa umekatika pale pale, na kuzunguka ncha zake kulikuwa na kitu hafifu, kama ukungu.

"Unaliona hili, Mwalimu? Ndio lile gegedu ulilotufundisha. Lilikuwa limeshaanza kupokea chokaa. Lilikuwa linakwenda vizuri sana." Akanigeukia. "Nani kamwambia asimame?"

"Kuku," nikasema.

Akacheka. Halafu akaniangalia uso, akaacha kucheka, akazima kioo.

Plasta ya pili mama hakubishana nayo. Alipangusa juu yake na kusali, miezi mitano, na hakutaja unyayo. Fundi alikuja kumkagua kama watu wengine, na alipokuwa anaondoka nikamfuata nje nikamweleza yote, nimesimama kati yake na Vespa yake ili asiondoke kabla sijamaliza. Nilitegemea anitukane. Aliuliza, "Huyu wa pili, ulimvunja?" Nikamwambia sikuweza.

"Kuku si dawa, Mwalimu," akasema. "Dawa ya mfupa ni kungoja, na mgonjwa hamngojei daktari wala han'ngojei mie. Kuku humngojea. Akenda kuku, nami huongeza siku nyengine kama zile. Yule alipokufa, ungen'ita. Ningekuja na mwengine." Simu yake ikalia, akaitazama, hakuipokea. Aliponiaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na hilo lilinichoma kuliko tusi.

Mguu wa mama uliunga. Umeunga vibaya kidogo, umepinda na kufupika kama upana wa vidole viwili, na goti limekataa kukunjuka sawasawa. Anatembea kwa mkongojo kutoka kitandani mpaka mlango wa nyuma. Kuinuka peke yake hawezi. Kusali kwa kusimama basi tena, anasali kwenye kiti, na Shehe amemwambia thawabu ni ile ile, na mama amemjibu, "Naam, Shehe." Chooni bado nampeleka mimi. Miaka miwili sasa. Nikiwa darasani na mfupa wangu wa ng'ombe, nikifika kwenye ukuta mbichi, huwa nawaambia wafungue kitabu wasome wenyewe.

Yule kuku hatukumchinja. Ameshataga, ameatamia, ana vifaranga, anazunguka uani kama mwenye nyumba. Mwezi uliopita, siku ya mapumziko, tulikuwa tumekaa mlango wa nyuma mimi na mama tunachambua karafuu, yeye kwenye kiti na sinia mapajani, mimi chini. Kuku akapita na wanawe. Sijui kwa nini siku hiyo. Labda nilikuwa nimechoka kuchukua jambo lile peke yangu, kama ninavyochoka na mengine.

"Mama," nikasema, "yule kuku."

"Siye," akasema, vidole vyake havikuacha kuchambua. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yule wa Fundi alikuwa na kidole kimoja kimepinda, cha nje. Huyu vidole vyake vizima. Nimefuga kuku tangu weye hujazaliwa, mwanangu. Wadhani sintomjua kuku?"

Karafuu zikanitoka mkononi. Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu jioni ile ile nilipolisogeza tenga kitandani.

"Sasa kwa nini ulisimama?"

Akapuliza vikonyo kutoka kwenye sinia.

"Kila ukin'inua ulikuwa ukisema Ya Rabi," akasema. "Mara tano za sala, na za chooni juu yake. Nikawa nalala hapo nasema, mwanangu ananishitaki kwa Mungu, na haki anayo. Umechoka, mifupa ya uso imekutoka. Kisha kuku kaja mwenyewe mlangoni, na jirani keshapiga kigelegele. Nikasema labda ndiyo njia. N'simame, nawe upumzike."

Nikamwambia haikuwa mashitaka. Nikamwambia ilikuwa pumzi tu, mama, pumzi, hata wachukuzi wanaguna. Nilikuwa nalia kwa sauti sasa, mwanamke wa miaka hamsini, vifaranga wananizunguka wakidhani nimeshika chakula.

"Najua," akasema. "Weye ulikawia kwenda kwa miguu. Miaka miwili nimekubeba kiunoni, watu wanan'cheka. Huenda na mie nilisema Ya Rabi. Ila weye hukuwa na akili ya kusikia."

Ikaadhiniwa alasiri. Mama akaweka sinia pembeni, akafuta mikono, akaninyooshea. Nikasimama, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamvuta. Mguu ule mfupi ukatafuta sakafu, ukaipata. Pumzi ikanipanda kifuani na maneno yake, mpaka kwenye meno. Nikafunga mdomo.